Sindano Moja Iliyopimwa Kisumu

Habari za saratani hutufikia kwa njia mbili huku Kisumu. Ya kwanza ni simu: wanasayansi wa Marekani wamepata dawa mpya, tafadhali sambaza kwa makundi mengine. Ya pili ni harambee: kuna mtu wa ukoo amelazwa, bili imefika hapa, nambari ya kutuma pesa ni hii. Ipo habari ya tatu, ya utafiti uliofanyiwa hapa hapa kwetu na kubadilisha jinsi dunia nzima inavyowachanja wasichana. Hiyo sijawahi kuona mtu akiisambaza. Nitaieleza kwa urefu, kwa sababu ugonjwa wenyewe ulishaingia nyumbani kwetu.

Kuanzia mwishoni mwa 2018, wanawake vijana wa Kisumu, Thika na Nairobi waliombwa kujiunga na utafiti ulioitwa KEN SHE. Waliokubali walikuwa 2,275, wenye umri wa miaka 15 hadi 20. Aliyeuongoza ni mtafiti Ruanne Barnabas akishirikiana na Nelly Mugo, daktari wa magonjwa ya wanawake na mtafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Swali lao lilikuwa moja: je, sindano moja tu ya chanjo ya HPV inatosha?

HPV ni kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na karibu kila mtu hukutana nacho wakati fulani maishani. Mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe. Kikikataa kutoka, hasa aina mbili zinazoitwa 16 na 18, huanza kuharibu seli za mlango wa kizazi polepole. Aina hizo mbili peke yake ndizo zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo ilipatikana kuanzia 2006, ila ilikuja na masharti ya dozi tatu, baadaye zikapunguzwa kuwa mbili. Kwa nchi ambayo msichana anaweza kuhama shule mara mbili kwa mwaka, dozi ya pili ni mlima.

Huwezi kungoja saratani ndipo ujue kama chanjo imefanya kazi. Kwa mwanamke mwenye kinga imara, kirusi huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa saratani. Kwa hiyo watafiti walitazama maambukizi yanayong'ang'ania, yaani kirusi kile kile kinachoonekana tena kipimo kikirudiwa miezi kadhaa baadaye. Wasichana waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Makundi mawili yalidungwa chanjo mbili tofauti za HPV, kila mtu dozi moja. La tatu lilidungwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ili hata hao wasitoke mikono mitupu, na mpango ulikuwa kwamba wangekuja kupewa ile ya HPV baadaye. Hakuna msichana aliyejua amedungwa ipi.

Baada ya miezi 18 walihesabu. Kati ya wale ambao hawakuwa na aina ya 16 wala 18 walipoanza, maambukizi mapya yaliyong'ang'ania yalikuwa 38. Katika kila kundi la chanjo ya HPV kulikuwa na moja tu. Yaliyobaki, 36, yote yalikuwa katika lile kundi la tatu. Hiyo ni kinga ya asilimia 97.5 kwa sindano moja.

Matokeo yalichapishwa Aprili 2022. Mwezi huo huo jopo la washauri wa chanjo wa Shirika la Afya Duniani lilisema dozi moja inaweza kutosha kwa wasichana, na kabla ya mwaka kuisha shirika lenyewe likaliandika hilo kuwa msimamo wake. Ulikuwapo ushahidi mwingine pia, kutoka India na Costa Rica, ila jaribio la Kenya ndilo lililopangwa kwa makusudi kulijibu swali hilo, kwa kura na kwa kundi la kulinganisha. Tangu hapo makumi ya nchi zimehamia dozi moja. Wasichana wa nchi ambazo sisi hatutawahi kuzitembelea wanakingwa kwa sababu dada zetu walikubali kudungwa sindano wasiyoijua, wakarudi kupimwa tena na tena. Jambo hilo linastahili kufundishwa darasani.

Kenya ilikuwa imezindua chanjo hii Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, dozi mbili, ya pili ikifuata baada ya miezi sita. Ukiongeza miezi sita juu ya Oktoba 2019 unajua kilichotokea. Machi 2020 Korona ilifunga shule, na wasichana wengi waliopata ya kwanza hawakuiona ya pili. Ndiyo sababu namba za KEN SHE zilinipa faraja ya pekee. Mama ambaye binti yake alidungwa mara moja na hakurudi ana haki ya kujua kwamba binti huyo hakuachwa bila kinga.

Najua minong'ono. Nimeisikia sokoni Kibuye, kanisani, na kwa watu wa nyumbani kwangu: kwamba chanjo inafunga uzazi, kwamba inawafundisha watoto mambo ya watu wazima. Hofu ya mzazi siichezei. Ninachoweza kumwonyesha ni nchi zilizotutangulia. Sweden walifuatilia wasichana na wanawake wengi mno, na mwaka 2020 wakaeleza kwamba waliochanjwa kabla ya kufika miaka 17 walikuwa na saratani hii pungufu kwa asilimia 88. Scotland, mwaka 2024, walipekua rekodi za wanawake waliozaliwa kati ya 1988 na 1996, na miongoni mwa waliopata chanjo kamili wakiwa na miaka 12 au 13 hawakumpata hata mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Hata mmoja. Hakuna dawa ya saratani ninayoijua iliyowahi kufanya hivyo.

Mama mdogo wangu wa Ahero alizaliwa kabla ya haya yote. Alianza kutokwa na damu miaka kadhaa baada ya hedhi kukatika. Alienda kituo cha afya akapewa tembe za maambukizi. Damu haikukoma, akarudi, akapewa tembe nyingine. Hakuna aliyemwambia, "Mama, panda hapa kitandani nikukague." Naye, kwa heshima ya umri wake na aibu ya kulala uchi mbele ya kijana anayetoshana na mwanawe wa mwisho, hakuomba. Alipofika mbele ya mtu aliyemkagua, uvimbe ulikuwa umefika hatua ya tatu. Ikafuata foleni ya mionzi, mbali na nyumbani, na fedha za kulala na kula mjini. Alimaliza mionzi. Mwaka uliofuata ugonjwa ukarudi, tukamzika.

Namtaja ili niseme kitu kuhusu neno "maendeleo". Tumezoea kudhani maendeleo ya tiba ni mashine kubwa zaidi na dawa ghali zaidi. Mimi nimekuja kuamini kwamba kwa watu wa huku maendeleo yenye uzito ni yale yanayopunguza: sindano mbili zinakuwa moja, safari tatu zinakuwa moja, kitanda cha hospitali kinakuwa chumba chako mwenyewe. Na mengi ya namna hiyo yanapimwa hapa magharibi mwa Kenya.

Chukua uchunguzi. Kwa miaka mingi kipimo chetu kimekuwa kile cha siki. Muuguzi anapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, anangoja kama dakika moja, anatazama kama pana mahali pamegeuka peupe. Ni cha bei nafuu na kimeokoa wengi, lakini kinategemea jicho la muuguzi na mwanga wa taa yake, na kwa wanawake wa makamo ile sehemu ya kutazamwa huwa imejificha ndani. Kipimo cha kirusi chenyewe ni kikali zaidi, na uzuri wake ni kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli. Ni kijiti chenye brashi laini au pamba mwishoni. Unakiingiza ukeni, unakizungusha mara chache, unakitoa, unakitia kwenye kichupa na kukifunga. Hakuna wa kukutazama. Unaweza kufanya nyuma ya pazia, chooni, au nyumbani kabla ya kuwasha moto wa chai.

Huko Migori, Megan Huchko na wenzake wa KEMRI walilinganisha njia mbili za kuwafikia wanawake kwa kipimo hiki: kuwasubiri kwenye vituo vya afya, au kuwafuata vijijini kwa kampeni za siku chache. Waliofuatwa vijijini walipimwa wengi zaidi. Ila utafiti huo huo ulionyesha tatizo ambalo halijaisha: mwanamke akishaambiwa ana kirusi, lazima asafiri kwenda kutibiwa, na wengi hawakufika. Kipimo bila tiba ya karibu ni kumpa mtu barua ya hofu. Shirika la Afya Duniani sasa linapendekeza wanawake wapimwe kirusi kuanzia miaka 30, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI kuanzia miaka 25, kwa kuwa hatari yao ya kupata saratani hii ni mara sita zaidi. Ukizijua takwimu za UKIMWI za Kisumu, Siaya na Homa Bay, unaelewa kwa nini sentensi hiyo inatuhusu kuliko karibu kila mtu duniani.

Kidonda kikigunduliwa kabla hakijawa saratani, tiba nayo imepungua ukubwa. Zamani ilihitaji mtungi wa gesi wa kugandisha, mzito, unaoisha bila taarifa. Siku hizi kipo kifaa kinachoshikwa mkononi na kutumia betri. Ncha yake inapata joto la nyuzi kama 100, muuguzi anaigusisha pale penye kidonda kwa muda usiozidi dakika moja hivi, mwanamke anaondoka kwa miguu yake.

Na kuna hili ambalo likifaulu litazungumzwa sana. Chemtai Mungo, daktari wa wanawake mzaliwa wa Kenya anayefundisha katika Chuo Kikuu cha North Carolina, anaendesha utafiti hapa Kisumu kuhusu dawa ambazo mwanamke anaweza kujitia mwenyewe nyumbani. Mojawapo ni krimu ya fluorourasili, dawa ya saratani iliyojulikana tangu miaka ya 1950. Jaribio dogo la awali lilifanywa na wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao walikuwa wameshatibiwa vidonda vyao, kuona kama wataweza kuitumia bila madhara makubwa. Waliweza. Nyingine ni artesuneti. Ndiyo, ile ile ya malaria, ambayo kila mzazi wa huku amewahi kuisikia ikitajwa wodini usiku wa manane. Imetengenezwa kama kidonge cha kuingiza ukeni, kwa kuwa maabara ilionyesha inaua seli zilizoshikwa na HPV. Bado iko kwenye majaribio, na hakuna mtu anayepaswa kwenda duka la dawa kujinunulia. Lakini fikiria dawa ambayo tayari imo kwenye rafu za zahanati ikimwondolea mama wa Nyakach safari ya kwenda mjini.

Kwa waliofikia hatua ya mama mdogo, habari njema ya miaka ya karibuni nayo ni ya bei ya chini. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililoitwa INTERLACE, lililowashirikisha wanawake 500 kutoka Uingereza, Mexico, India, Italia na Brazil. Kabla ya mionzi na kemo ya kawaida, yaani dawa za kuua seli za saratani, nusu yao walipewa kwanza kemo fupi ya wiki sita, ya kaboplatini na paklitakseli. Baada ya miaka mitano, asilimia 80 ya waliotanguliziwa kemo hiyo walikuwa hai, dhidi ya asilimia 72 ya wenzao. Dawa hizo mbili ni za zamani, zinatengenezwa na viwanda vingi, na hospitali zetu za saratani zinazo. Kilichobadilika ni mpangilio tu. Nilipoisoma nilikaa kimya muda mrefu.

Zile dawa za kuamsha kinga ya mwili, zilizowapa James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel mwaka 2018, ni za kweli na zimewarudishia watu maisha. Jimmy Carter alitibiwa kwazo mwaka 2015 saratani ikiwa imefika kwenye ubongo, akaishi hadi 2024 akiwa na miaka 100. Ipo pia tiba ya kuchukua chembe za kinga za mgonjwa, kuzifundisha maabara na kumrudishia. Ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2017 bei yake ilikuwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Bima yetu ya afya ya taifa, SHA, ilianza na kifurushi cha saratani cha shilingi 550,000 kwa familia nzima kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe.

Kuna saratani nyingine ambayo watu wa ziwa hili hawapaswi kuisahau, kwa sababu ni ya watoto. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Uganda, Denis Burkitt, aliandika kuhusu watoto waliokuja na mataya yaliyovimba, meno yakilegea, wakati mwingine taya zote mbili. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walijaza gari kuukuu na kusafiri kama maili 10,000 kusini na mashariki mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja hadi nyingine: mmeuona uvimbe huu? Jibu lilifuata joto na mvua. Nyanda za juu zenye baridi hazikuwa nao. Penye malaria nyingi, ndipo ulipokuwa. Kisumu na viunga vyake vimo ndani kabisa ya ukanda huo.

Burkitt alipotoa mhadhara London, alikuwepo mtafiti aitwaye Anthony Epstein, aliyeshuku kirusi. Wakakubaliana vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Uganda. Kwa muda mrefu hakikupatikana chochote. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na chupa ilipofika maabara imechelewa, maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu angedhani imeoza. Epstein aliangalia kwa hadubini akakuta seli za uvimbe zimejitenga, zinaelea, hai. Kutokana na seli kama hizo yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walikiona kirusi mwaka 1964, cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Seli za mtoto wa Afrika Mashariki ndizo zilizofungua mlango ambao baadaye ulipitiwa na chanjo ya HPV.

Leo Kisumu ni mojawapo ya mahali ambapo ugonjwa huu unachunguzwa kwa kina, KEMRI wakishirikiana na watafiti kama Rosemary Rochford na Ann Moormann. Kirusi cha Epstein na Barr tunacho karibu sote, na hatuugui. Malaria inayojirudia ndiyo inayodhaniwa kuchosha kinga ya mtoto na kuzichochea zile seli zilizobeba kirusi, hadi siku moja seli inakosea katika kupanga chembe zake za urithi na kuanza kuzaana bila breki. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa akicheza mpira Jumapili anaweza kushindwa kufumba mdomo ifikapo wiki inayofuata. Na ndiyo maana pia dawa inaukamata haraka: katika nchi tajiri zaidi ya watoto tisa kati ya kumi hupona. Kwetu wanaopona ni wachache zaidi kwa mbali, na tofauti hiyo inatokana na kuchelewa, na wazazi kukatiza kemo fedha zinapoisha, na maambukizi wodini. Tangu 2019 chanjo ya malaria imekuwa ikitolewa katika kaunti zetu za ziwa. Natamani sana kuona, miaka kumi ijayo, kama wodi ya watoto wenye mataya yaliyovimba itapungua watu.

Saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, nitaigusa tu, ingawa inawaua wengi kuanzia Bomet hadi huku. Jopo la saratani la Umoja wa Mataifa lilisema mwaka 2016 kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinachangia. Mpe babu chai yake, ila iache ipoe kidogo. Na mtu akianza kusema ugali unakwama kooni, asipewe dawa ya vidonda vya tumbo kwa miezi mitatu. Apelekwe akachunguzwe kwa kamera.

Jambo moja ambalo kweli limesogea karibu ni mionzi. Kwa miaka mingi mgonjwa wa umma kutoka magharibi alijua njia moja, ya Nairobi. Sasa ipo Eldoret katika hospitali ya rufaa ya Moi, na Nakuru katika hospitali ya rufaa ya kaunti. Kutoka Ahero hadi Nakuru bado ni safari ya nusu siku kwa matatu, na mgonjwa wa mlango wa kizazi huhitaji mionzi siku tano kwa wiki kwa majuma kadhaa, kwa hiyo suala la mahali pa kulala liko pale pale. Nikiulizwa hela za harambee ziende wapi, nitasema zijenge nyumba za kulala wagonjwa karibu na mashine hizo.

Chama chetu hapa mtaani kimeanza na kidogo tunachoweza. Kila mwezi tunatenga nauli ya wanachama wawili kwenda kupimwa, na tumekubaliana kwamba anayekwenda aulize kwanza kama kipimo cha kirusi kipo, asikubali cha siki kabla ya kuuliza. Anayekutwa na kirusi, nauli ya kurudi kutibiwa inatoka siku hiyo hiyo, bila kungoja kikao. Mwezi huu zamu ni ya jirani yangu, mama wa watoto watano, miaka 46, hajawahi kupimwa tangu azaliwe. Anaenda Alhamisi, nami nitamsindikiza.